Koo Langu na Forosadi za Mpale

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe tena kwa koo hili mnalolisikia likipaza sauti, maana kuna wakati halikupitisha hata uji!

Mimi ni Mzigua wa hapa Misima. Shule niliishia darasa la pili, na sioni aibu. Ile miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, waliosoma walikaa wakisubiri kuelezwa. Mimi nilikwenda Mazingara kununua mahindi na mbuzi. Nikajenga nyumba ya bati. Nikaleta mashine ya kusaga. Kwa mikono hii!

Lakini mnadani tulikuwa na mashindano yetu. Chai inatoka motoni inatokota, na mwanamume anaimeza hapo hapo. Rafiki yangu Lemali, mfugaji, ndiye aliyekuwa na mdomo: "Mwoneni huyu, anapuliza chai kama mama mzazi!" Basi mimi sikupuliza. Nilikuwa bingwa, ndugu zangu! Na juu ya chai, tumbaku.

Kisha chakula kikaanza kukwama. Kwanza nyama, halafu ugali, mwisho hata uji. Kaka yangu mkubwa alianza hivyo hivyo, saratani ya koo, tukamzika mifupa. Nikamlilia Yesu: Bwana, umenipa mashine, sasa nife njaa katikati ya unga wangu mwenyewe?

Akanijibu kwa mdomo wa mke wangu. "Baba Eliya, Mungu amekusikia. Sasa panda basi!"

Tukaenda Korogwe, hospitali. Wakanituma mbele, hospitali kubwa, nikaingizwa mpira wenye kamera kooni, wakatazama. Daktari akasema si saratani, ni vidonda vya kuungua. "Lakini mzee, kwa chai hiyo na tumbaku hiyo, saratani unaikaribisha mwenyewe." Akanipa dawa. Akanihimiza kula matunda. Akaniambia wapo wataalamu wanaochunguza matunda madogo meusi, yanayofanana na forosadi, kwamba huenda yakasaidia kuzuia saratani ya koo.

"Huenda tu, mzee. Si dawa, na kwa watu bado haijathibitishwa."

Huenda! Ndugu zangu, mahindi nilinunua kwa huenda. Mashine niliileta kwa huenda. Mtu wa kuogopa huenda si mimi!

Hayo ya wataalamu sikuyajua, lakini forosadi nilizijua zilipo: nikapanda mlima hadi Mpale, ukweni, kuomba vipande vya mforosadi vya kupanda. Shemeji zangu Wasambaa walicheka hadi wakakaa chini. "Mzigua amekuja kuwanyang'anya ndege chakula!" Nikawaacha wacheke. Nilirudi na mzigo wangu begani, nikavipanda nyuma ya mashine, nikamwagilia. Leo miti hiyo inainama kwa kuzaa, na hapa Misima hakuna mwenye mingine kama hiyo!

Sitawadanganya kwamba forosadi ndizo zilizoniponya. Aliyeniponya ni Bwana, kwa dawa, kwa kuacha tumbaku na kwa kikombe kilichopoa. Forosadi ninakula kwa ajili ya kesho.

Nilirudi mnadani na bakuli langu la forosadi, midomo imeiva rangi kama mtoto. Nikaweka chai mezani, nikaisubiri. Lemali akaniangalia. Nikangoja tusi lake. Akakiweka kikombe chake kando ya changu, akainama.

"Rafiki yangu, na mimi nyama inakwama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa bado bingwa."

Sikumpa forosadi kwanza. Nilimpandisha basi la Korogwe. Waliukuta ugonjwa mapema, wakamtibu, na leo anameza. Yule pale mlangoni, anajificha nyuma ya fimbo. Simama, Lemali, wakuone!

Ndugu zangu, mtegemeeni Bwana, lakini msimtegemee mkiwa mmekaa nyumbani na koo linaziba. Ambaye chakula kinamkwama aje kwangu leo, tutapanda basi pamoja. Na ambaye hakimkwami aje pia, ale forosadi. Chai iko mezani. Inapoa.