Msinizike Kwenye Migomba ya Nyanchera

Sogeeni karibu, wanangu, na mtu azime hiyo redio, maana neno langu la leo likiwapita hamtapata wa kulirudia. Nasema Kiswahili, si lugha yetu, ili mkeo Mulki naye asikie, Jethro, kwa sababu ndiye hunipa uji bila kunikunjia uso.

Nyumba ni yako, Jethro, na majani chai ya kule chini pia. Ng'ombe ni wa mama yenu. Lakini ile migomba iliyo kulia kwa nyumba, yenye vibao vya namba, ni ya dada yako Nyanchera, pamoja na ardhi yake, na atakayesema msichana harithi aje anibishie kaburini.

Na hilo kaburi ndilo lenye maneno. Jana ndugu yangu Obwocha alisimama katikati ya migomba, akapima kwa macho, akaniambia, "Makori, mwanaume huzikwa kulia kwa nyumba yake. Tutakata hizi ndizi, wageni wa matanga wapate kula." Nikamwuliza, "Sijakata roho, tayari umeshanipikia matoke?" Akasema ni ndizi tu. Ndizi tu! Huyu ambaye fahali wake alitafuna tatu mwaka juzi! Fahali nimemsamehe, mwenyewe bado.

Sikilizeni. Shule iliniacha darasa la sita kwa kuogopa maswali yangu, lakini utafiti naujua. Nyanchera anatafuta mgomba usiouawa na ugonjwa wa mnyauko. Aliandika makala, akaipeleka kwa wakubwa wa jarida huko ng'ambo, wakairudisha wakisema msimu mmoja hautoshi, alete na mavuno ya pili. Wafadhili nao wakasema makala isipochapishwa, msaada umekwisha. Mavuno hayo ni mwezi wa nane, na mimi nikijiangalia, mwezi wa nane siufikii. Mkichimba pale, mkawalisha waombolezaji zile ndizi, mtakuwa mmenizika shimo moja na masomo ya mtoto wangu.

Tena si makala ya kuchezea. Mwishoni, penye shukrani, jina langu lipo, Makori wa Nyacheki, nimeliona kwa macho haya. Likichapishwa litasomwa mpaka Brazili, na nadhani maprofesa wengine watalisoma wamesimama.

Kwa hiyo, Jethro, nichimbieni kushoto, upande wa wanawake, karibu na mama yangu. Alinizaa, hatanifukuza. Watu watacheka, waacheni, nimewachekesha bure maisha yangu yote. Ndizi za matanga nunueni sokoni Masimba. Na Obwocha mwekeeni kiti mpakani mwa migomba awazuie watu wasiikanyage. Anapenda kuamrisha, na mimi... kusema kweli, nampenda.

Jethro, sema ndiyo. Sema kwa sauti... Haya.

Asante kwa maji, Mulki mwanangu. Yatosha.

Mungu awape mkate na amani, msigombane... mama yenu asilale njaa. Nyanchera, mama, lete mkono. Wale wa ng'ambo wakikurudishia tena, waandikie tena. Usichoke kabla yao. Na mimi nikienda... usiende kulilia kwenye migomba. Kila mgomba una kipimo chake cha maji, ulisema. Utaiongezea ya machozi... na hayo hujayaandika.