Fundi Aliyeacha Kukata Uzi kwa Meno

Miaka haina haraka. Hupita kama uzi katika tundu la sindano, hata ukaisha mtu angali akidhani upo. Ndugu yetu, tuliyemzoea kwa jina la Fundi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1944, kitinda mimba wa mama yetu.

Alisoma kuanzia 1952 hadi 1959. Mwalimu alipomkuta akishona mfuko wa daftari katika kipindi cha hesabu, alimwambia baba, "Mpeleke kwa mshonaji, mzee, hapa ananimalizia chaki bure." Baba akatii.

Tangu 1960 alikaa nyuma ya cherehani, katika chumba cha dirisha moja, akikata uzi kwa meno. Mwaka 1968 alimwoa shemeji yangu, aliyekuja kurudisha gauni alilomshonea, lenye mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mkono ule haujarekebishwa hadi leo, lakini posa ilipelekwa mwezi uleule.

Mwaka 2009 kifua kilianza kumbana apandapo ngazi. Daktari wa moyo alimpima mkononi, akakuta mishipa ya damu imekakamaa. Alipoona na fizi zinavuja damu, alimtaka aende kwa tabibu wa meno. "Fizi zikiugua, huenda zikaichokoza mishipa ya mwili mzima," alimweleza.

Fundi aligoma miezi mitatu. "Waking'oa meno, uzi nitaukata kwa kitu gani?"

"Baba watoto," mkewe alimjibu, "watu unawapima mpaka kifundo cha mguu, wewe kufunua kinywa tu unaona haya?"

Akaenda. Hakung'olewa hata jino moja. Alisafishwa chini ya fizi kwa siku nne. Baada ya miezi sita alipimwa tena mkononi, mishipa ikaonekana kutanuka vizuri kuliko awali. Daktari wa moyo, mtu mwadilifu wa maneno, hakumwahidi umri wala kumwachisha dawa. Alisema tu kuwa tiba ya fizi huenda imesaidia. Siku hiyo Fundi alinunua mkasi mdogo, akauning'iniza shingoni kwa utepe.

Alishona miaka kumi na minne zaidi. Alifariki kwa nimonia tarehe 2 Februari 2024, baada ya kuugua siku sita, akiwa amebakiza wiki tano kutimiza themanini, meno yake yote kinywani. Mkasi ule leo ameuvaa mkewe.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu saba, nami kaka yake niliyedhani ningetangulia.

Ewe Mola, mpokee mja wako kwa upole, umjaalie raha isiyokatika. Nasi jamaa aliotuacha utuunganishe, tusifumuke.