Tunaijua Santa Rovela Yote

Benchi letu liko Nyasho, mbele ya banda la gemu la Muzamil, na kama una kazi ya maana usikae pale. Sisi ni watu wazima wenye wake na ndevu, lakini kila jioni tunagombea zamu ya kucheza kama watoto wa chekechea, kisha tunakaa nje na kahawa ya Alawi kubishana kuhusu Santa Rovela. Huo ni mji wa kwenye gemu. Haupo duniani, na sisi tunaujua kichochoro kwa kichochoro. Yaliyotukuta Alhamisi yananitia aibu mpaka leo, nayasema mwenyewe kabla hujayasikia kwa mwingine.

Aliyeanza ni Evance, tunayemwita Mhandisi kwa sababu aliwahi kubeba zege kwenye daraja.

— Ule mji hauna nyumba, makuta matupu. Juzi nimegonga milango mtaa mzima wa bandarini, haufungukagi hata mmoja.

— Sasa watu wanalalaga wapi? akauliza Shija, ambaye hapa ni Redio kwa kuwa hazimiki.

— Hawalali. Wanatokea kona hii, wanapotelea kona ile.

— Mimi nasema walihamishwa kupisha barabara. Hao unaowaona ni waliogoma.

— Waliogoma wangekuwa na mabango.

— Wale ni wafu, akasema Alawi akimimina kahawa. Umeshaona mmoja anakohoa? Mji mzima ni makaburi, wameupaka rangi tu.

— Na taa za barabarani za nini? Wafu wanaogopa ajali?

— Taa anaziheshimu Mzee Taratibu peke yake.

Tukacheka. Mzee Taratibu ni mwenzetu wa benchi kwa miaka sita sasa. Kwenye gemu anasimama taa nyekundu huku risasi zinampita masikioni.

— Hivi yuko wapi siku hizi? nikauliza.

— Atakuja, akasema Muzamil. Haya, toka bandarini mpaka hospitali ya Santa Rovela, njia fupi ni ipi?

Nikajibu mimi, tena kwa sifa. Kulia kwenye mnara, chini ya daraja, kata uwanja wa farasi, umefika. Nilikuwa bado naonesha kwa mkono alipotufikia mwanamke mwenye begi la safari.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

— Naitwa Boke, nimetoka Bunda. Namtafuta baba yangu, Felisian. Hapa mnamwitaga Mzee Taratibu. Toka Jumapili hapokei simu. Alishaniambiaga nikikwama niulize kijiweni kwenye banda la gemu, nyie ni ndugu zake. Anakaa wapi?

Mhandisi akamtazama Redio. Redio akamtazama Alawi. Mimi nikatazama kikombe changu.

— Anatokeaga upande ule, akasema Muzamil, akionesha barabara nzima.

— Nyumba ipi?

— Akiondokaga anapitia pale kona, nikaongeza, na sauti yangu mwenyewe ikaniudhi.

Mama Safina, anayeuza dagaa ng'ambo ya barabara, alikuwa anasikia yote.

— Kwa Felisian? Si pale, mlango wa kijani. Anaumwa, hata kusimama hawezi. Asubuhi nimempelekea uji. Nenda, mwanangu.

Mlango wa kijani unaonekana ukiwa umekaa kwenye benchi. Nimeutazama miaka sita nikinywa kahawa. Nilitamani ardhi ipasuke. Tukainuka wote kumsindikiza Boke, lakini akatuzuia kwa mkono. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

— Baba anasemaga mmekaa pamoja miaka sita, akasema. Mlikuwaga mnaongea nini?

Alawi akainua birika, akalirudisha chini. Redio mwenyewe alizimika. Boke akabeba begi lake, akavuka barabara. Alishabisha hodi kwa baba yake, na sisi bado tumesimama.