Mwalimu Aliyepelekwa Stoo kwa Neno "Halisomeki"

Mgeni rasmi, Afisa Elimu wetu, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzetu, nanyi watoto mlioketi hapo mbele juani:

Karibu

Aliyetumwa kusimama hapa ni mama mshona nguo, jirani wa shule, lakini maneno ni yetu sote. Tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ila hatutakuficha: tumekuja na hasira, na hasira hiyo tumeivalisha nguo safi kwa heshima yako tu.

Darasa lilivyokuwa

Miaka miwili iliyopita watoto wetu walikuwa wakikariri orodha ya maneno ishirini kila wiki. Ijumaa wanayamwaga, Jumatatu wameyasahau. Mtoto aliyejua "safisha" akikutana na "safishwa" alikwama kama aliyekutana na mgeni mlangoni.

Ndipo akaja mwalimu mmoja, mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Alituomba maboksi matupu ya sabuni. Tukadhani anahama nyumba! Kumbe aliyakata vipande. Huku akaandika mashina: pik-, som-, fung-, chek-. Kule akaandika viambishi vya mwishoni: -ia, -ea, -isha, -esha, -wa, -ana, -ika, -eka, -ua. Watoto wakaviita mikia, naye wakambatiza Mwalimu Mikia. Hakukasirika. Kila mtoto alichukua shina, akalitafutia mkia, kisha akatunga sentensi. Neno lisilotumika lilirudishwa kwenye boksi.

Mafanikio

Mwana wa fundi baiskeli aligundua mwenyewe, bila kuambiwa, kwamba shina lenye "e" au "o" hutaka -ea, na mengine hutaka -ia. Somea, chekea, pikia, fungia, katia. Mwalimu alimpa chaki aandike ugunduzi wake ubaoni, na siku nzima haukufutwa.

Nyumbani nako hatukupumua. Mtoto mmoja alimuuliza mamaye jikoni, "Mama, kama kuna kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua, mbona kupika hakuna kupikua?"

"Chakula kikishaiva kimeiva, mwanangu. Lete sahani."

Tulicheka, mgeni rasmi, lakini tulikuwa tunaona watoto wanafikiri. Mtihani wa mwisho wa mwaka, watoto hamsini na tisa kati ya sitini na wanne walisoma hadithi ambayo hawajawahi kuiona, wakaieleza.

Dhuluma

Rasimu ya risala hii ilipitiwa ofisini. Tulishauriwa kichwa hiki kiitwe "Mambo Madogo ya Kuboresha". Tumekataa.

Muhula uliopita alikuja mkaguzi. Aliingia darasa la nne bila hodi, akaandika neno ubaoni haraka haraka, akamnyooshea kidole binti wa kinyozi. "Wewe, soma hapa."

Binti akasimama, akalitazama neno, akainamisha kichwa upande. "Halisomeki, mwalimu."

"Unasemaje?"

"Halisomeki. Soma, someka, halisomeki."

Wiki ile walikuwa wanajifunza -ika na -eka. Mtoto alikuwa anajibu somo. Darasa lilicheka, na mkaguzi akawaka. "Nani amekufundisha jeuri hii?"

Mwalimu akasogea, akasimama kati yake na mtoto. "Mimi, bwana. Na si jeuri, ni kiambishi."

"Neno hilo limo kwenye orodha ya darasa la nne?"

"Kwenye orodha halimo. Kwenye lugha limo."

Kwa jibu hilo akaandikiwa barua: amefundisha nje ya orodha na kuchochea utovu wa nidhamu. Aliomba amalizie kipindi tu, akanyimwa. Wakamhamishia stoo, ahesabu mafagio na madawati yaliyovunjika miguu. Mwalimu aliyefundisha miaka kumi na saba, mgeni rasmi, anahesabu mafagio!

Alituambia kwamba barua haikumliza. Kilichomliza ni kuchungulia dirishani akaona vile vipande vya maboksi vikitupwa kwenye shimo la taka, na watoto wakiviokota na kuvipangusa kwa sketi na kaptula zao. Hakuweza kutoka. Aligeuka akaendelea kuhesabu, akakosea hesabu mara tatu.

Sasa mwalimu wa darasa la sita anashika madarasa mawili, na orodha imerudi. Binti wa kinyozi hanyooshi mkono tena. Baba yake alimuuliza kwa nini. Akajibu, "Nikisema, mwalimu mwingine atapelekwa stoo." Mtoto wa miaka kumi anabeba mzigo huo, na watu wazima tunapigiana makofi hapa!

Maombi

La kwanza: mwalimu arudishwe darasani, na barua ile itolewe kwenye faili lake.

La pili: mkaguzi arudi, asimame mbele ya darasa la nne, amwambie binti yule kwamba alijibu sawasawa. Na aandike vizuri.

Tulikuwa na ombi la tatu, la mabati ya paa. Tumelifuta. Paa litasubiri.

Usituahidi kwamba suala litashughulikiwa, maana hilo tumelisikia mara nne. Tunataka kauli leo, kabla hujapanda gari. Tusipoipata, Jumatatu asubuhi watoto wetu wote sitini na wanne wataingia stoo na madaftari yao, wakae sakafuni katikati ya mafagio, na mwalimu wao awafundishe hapo hapo. Sisi wazazi tutasimama mlangoni. Atakayetaka kuwatoa ataanza na sisi.

Mungu akupe afya, akupe safari njema, na kabla ya safari akupe ujasiri wa kufungua mlango ule wa kijani nyuma yako. Yumo ndani, anasikia kila neno.

Ni sisi,
Wazazi wa Watoto wa Darasa la Nne