Nathanaeli Nzunda na Gunzi la Tangi, 1909–1958

Ndugu wafiwa, wazee wa kanisa, majirani wa Tunduma, nanyi mlioshuka kutoka Ileje: tulieni kidogo, Nathanaeli asemwe kama alivyokuwa.

Marehemu Nathanaeli Nzunda alizaliwa Igamba mwaka 1909, mtoto wa kwanza wa mzee Mbonile Nzunda. Alisoma shule ya misheni madarasa manne. Hakuacha kwa uzito wa kichwa. Lori la kwanza lilipopita kijijini alilifuata kwa miguu hadi jua likazama, na tangu siku ile mwalimu alikuwa anafundisha mwili tu.

Mwaka 1928 alianza kazi ya utingo huko Mbeya, akajifunza ufundi kwa kuosha spana za wenzake na kuuliza maswali mpaka wakamchoka. Mwaka 1935 alimwoa Tabita, binti wa hapa Tunduma. Vita vilipokuja aliendesha malori ya jeshi hadi Uhabeshi, na mwaka 1946 akaajiriwa na mwenye duka mmoja hapa mpakani kuendesha pikapu kuukuu ya mwaka 1934.

Sasa jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisirukwe. Kifuniko cha tangi la petroli kilidondoka njiani. Nathanaeli akaziba kwa gunzi la hindi, kama tunavyoziba vibuyu, akalizungushia kitambaa chenye nta ili vumbi lisipenye. Akaridhika nalo.

Alhamisi tarehe 18 Septemba 1947, mdogo wake Ketrina alikuwa na siku mbili za uchungu kule Itumba, mtoto hatoki. Nathanaeli na Tabita wakaenda kumchukua kumpeleka hospitali. Wakirudi naye, kwenye mlima gari likakohoa, likazima. Akachomoa gunzi, akapima kwa kijiti: petroli tele. Akaziba. Gari likawaka, likaenda maili mbili, likazima tena.

Akafungua paipu kwenye kabureta, akamwambia Tabita azungushe hendeli. Petroli ilipaswa kuruka, ikadondoka matone.

"Pampu imekwisha nguvu," akasema.

Akaifungua pampu yote juu ya kanga, akaikagua ngozi yake ya ndani, nzima, akasafisha, akarudisha. Gari likawaka. Maili mbili, likazima. Nyuma, chini ya blanketi, Ketrina alikuwa ameacha kulia, na hilo lilimtisha kaka yake kuliko kilio. Saa tatu zilikuwa zimepita. Alipoishika spana kuifungua pampu mara ya pili, Tabita alikuwa anaangalia gunzi.

"Baba Amoni, kibuyu cha togwa ukikiziba hivyo halafu ukakitoboa chini, kinamimina?"

 Nathanaeli alilivuta gunzi, na tangi likavuta hewa kwa sauti ambayo wote watatu waliisikia. Kila alipofungua kitu, hewa ilikuwa inaingia na gari linapona. Kila alipoziba, alikuwa analinyonga mwenyewe. Aliliacha tangi wazi, na gari halikusimama tena hadi hospitalini.

Ketrina alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekufa. Mganga alisema hakuwa amekufa muda mrefu.

Angeweza kusema pampu iliharibika. Nani angebisha, fundi ni yeye. Lakini kwenye kaburi lile dogo Itumba alisimama mbele ya wakwe wa Ketrina na wazee akasema, "Ni mimi. Nililiziba kwa mkono wangu." Gunzi lile alilitunza, na alipofungua karakana yake akalitundika mlangoni. Mliompelekea magari mnajua swali lake la kwanza: "Tangi linapumua?" Mlicheka, naye aliwaacha mcheke.

Mwaka jana kifua kilianza kumsumbua. Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 12 Agosti 1958, Tabita akiwa amemshika mkono. Wiki moja kabla alimwita mdogo wake akamwambia, "Wasifu wangu usome wewe. Ukiruka la gunzi, utakuwa umenizika nusu."

Ameacha mjane, Tabita. Watoto watatu, Amoni, Nesta na Watson. Na mdogo wake Ketrina, ndiye huyu anayewasomea. Ketrina alimsamehe kitandani hospitalini siku ile ile. Nathanaeli ndiye aliyekataa. Kila Septemba, miaka kumi, alipanda Itumba kwa miguu kupalilia kaburi la mtoto, na gari analo.

Septemba hii atapalilia Ketrina. Kaka, la gunzi limesemwa mbele ya watu wote. Sasa kubali, upumzike kwa amani.