Betri Sita Ambazo Mama Fyuzi Alitaka Zitajwe

Ndugu jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, mimi ni binti wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Fyuzi, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba sehemu kubwa ya karatasi hizi aliiandika yeye mwenyewe mwezi wa nne mwaka huu, akaniachia nafasi ya kujaza siku ya kufariki kwake, siku peke yake, kwa sababu mwezi alikwisha kuuandika, na mwezi alioandika ni Mei.

Mama alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Agosti 1951, katika chumba cha nyuma cha nyumba za wafanyakazi wa simu, mtoto wa kwanza wa fundi wa nyaya na wa mama mkunga, ambaye hadi anazeeka alikuwa akilalamika kwamba alizalisha mtaa mzima na siku yake ilipofika akajizalisha mwenyewe, wanawake waliokuwapo wakimtolea macho. Baada ya miaka saba alizaliwa mdogo wake wa kiume, mjomba wetu, tuliyemwita Mluzi kwa kuwa hakuweza kushika kazi yoyote ya mikono bila kupiga mluzi kati ya meno, sauti moja tu, ya chini, mwanzo wa kazi hadi mwisho.

Alianza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza sekondari Novemba 1969, na alipokuwa darasa la tano mwalimu wa sayansi alileta betri kubwa na kipande cha waya, mama akaunganisha ncha zote mbili aone kutatokea nini, waya ukamuunguza kiganja, na mwalimu alipotaka kumchapa, mama alimwomba kwanza amweleze ule moto umetoka wapi.

Tarehe 1 Machi 1971 aliajiriwa kuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari ya wasichana, chumba kirefu chenye meza za mbao zilizoliwa na tindikali, na hapo alifanya kazi miaka arobaini bila kuhama, hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2011. Wanafunzi ndio waliompa jina la Fyuzi, maana hakuna aliyeruhusiwa kuwasha hata taa ndogo kama kidole kabla hajajibu swali lake, "Na ikipiga shoti, nini kitakatika kwanza, fyuzi au wewe?"

Alifunga ndoa na baba yetu, fundi cherehani, Jumamosi tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa ambaye ni dereva, mimi, na mdogo wetu wa mwisho, na sote tulikulia kwenye nyumba ambayo meza ya chakula ilikuwa nusu yetu na nusu ya mama na mjomba. Kila Jumamosi mchana walikaa hapo wakitengeneza vitu vyao, si kwa biashara, kwa raha tu, redio za mkononi, taa za kusomea, na kengele ya kamba ya nguo iliyotakiwa kulia mvua ikianza, ila ikawa inalia kila nguo mbichi zikianikwa, hadi baba akasema afadhali anyeshewe. Kila betri ilipimwa kwa mita, ikabandikwa utepe wenye tarehe, na betri mpya haikuchanganywa kamwe na kuukuu, kwa maana mama alisema mchovu akifungwa kamba moja na mwenye nguvu, haendi, anaburutwa.

Sasa nafika mahali ambapo mama aliandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini, akaagiza pasirukwe neno, nami nasoma kama alivyoandika.

"Mdogo wangu alifariki Alhamisi tarehe 17 Julai 2008, moto ulipozuka katika chumba chake cha kazi, na tangu siku hiyo watu husema alikuwa mzembe, nami niliwaacha waseme. Hakuwa mzembe. Betri zile sita zilizowaka nilimpa mimi, nilizitoa kwenye kompyuta chakavu za shule, mbili zilikuwa za kampuni nyingine na zimechoka, na sikuzipima kwa sababu siku hiyo nilikuwa na haraka. Aliniuliza, 'Dada, hizi umezipima?' Nikamjibu, 'Mimi nikupe kitu sijapima?' Aliniamini, akaziunganisha, akaziweka kwenye chaji. Fyuzi nilimwahidi kumletea Jumamosi."

Ukurasa huu sikutaka mke wa mjomba ausikie kwa mara ya kwanza mbele ya watu, kwa hiyo juzi nilimpelekea nyumbani kwake, akausoma akiwa amesimama, akaukunja, akaniambia, "Mwanangu, zile betri nilizipokea mimi mlangoni, zimefungwa kwa gazeti. Miaka kumi na tano wifi yangu amekuja kwangu kila Alhamisi, na hakuna siku alikubali kiti. Nilikuwa namngoja aseme." Nikamuuliza kama tusome au tusisome, akasema, "Soma. Mume wangu asafishwe jina."

Baada ya msiba ule mama hakugusa tena meza kwa miezi minane, kisha likaanza jambo ambalo sisi wanawe hatukupenda kulizungumza nje, lakini majirani mnalijua. Alikuwa akitembea mchana kweupe, ghafla anasimama, anainua uso, anasema kuna harufu tamu, kama ya tunda lililoanza kuoza, na anapiga hodi kwenye nyumba ambayo hajawahi kuingia, anakwenda moja kwa moja chini ya godoro au nyuma ya kabati, na anatoka na simu au taa ambayo betri yake imevimba kama tumbo la chura.

Jirani yetu kinyozi yupo hapa, ni shahidi, tarehe 3 Februari 2014 saa nne asubuhi mama aliingia kwake akasema, "Zima hiyo mashine, itoe nje." Kinyozi akajibu, "Mama, hii hata wiki mbili haina," lakini kwa heshima akaitoa, akaiweka kwenye ndoo ya mchanga, na kabla hajamrudia mteja wake ikalipuka kwa ndimi za moto. Alipomuuliza amejuaje, mama alishangaa, akasema, "Kwani wewe hukusikia mluzi?" Na kinyozi ameniruhusu niseme kwamba aliusikia, sauti moja, ya chini, akadhani ni mteja anayengoja nje.

Mama alianza kuumwa moyo Oktoba 2019, na tarehe 22 Januari 2020 aliwekewa kifuani kifaa cha kuongoza mapigo, akawahoji madaktari kuhusu betri yake hadi mmoja akaenda kumletea kitabu, na aliporudi nyumbani akatutania kwamba sasa ukimkumbatia ujue umeshika kazi ya watu. Tarehe 16 Aprili mwaka huu, tukiwa tunakula mchana, aliweka kijiko chini, akauliza nani anapiga mluzi, na hakuna aliyekuwa akipiga. Tulikagua nyumba nzima, kila droo, kila rimoti, hatukuona betri mbovu hata moja, ndipo akaweka kiganja kifuani, akasema kwa upole, "Basi ni huku." Madaktari walikipima kifaa, wakakuta betri yake ni nzima na ina miaka saba mbele, naye akawashukuru, akarudi nyumbani, akaomba karatasi na kalamu.

Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 9 Mei 2023, saa kumi jioni, akiwa na miaka sabini na mmoja. Moyo wenyewe ndio uliochoka, kifaa hakikukosea kitu, na muuguzi alitueleza tusishtuke kuona vialama vidogo vikiendelea kupita kwenye kioo cha mashine, kwa kuwa kifaa kilikuwa bado kinamwita na yeye haitiki. Aliagiza asizikwe na betri yenye chaji, kwa hiyo kilitolewa Jumatano, na kabla hatujakirudisha hospitali baba alikiweka sikioni, akasema hasikii kitu, lakini hakukiondoa sikioni kwa muda mrefu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa miaka mitatu na kuvumilia maswali yake, walimu na wafanyakazi wenzake wa shule, wanafunzi wake mliosafiri kutoka mbali, majirani mliomfungulia milango yenu bila kumcheka, na kwa namna ya pekee mke wa mjomba, ambaye asubuhi ya leo alikaa peke yake na wifi yake kando ya jeneza, mlango umefungwa, na alipotoka hatukumuuliza walichozungumza.

Pumzika kwa amani, Mama, zamu yako imekwisha.