Mafahari wa Nyuzilandi

Kila Jumatano asubuhi wake zetu huingia soko la wanawake hapa Ibra, mji wa Waarabu, soko ambalo mwanamume haruhusiwi kutia hata kichwa, na sisi waume hubaki nje kwenye kibaraza cha saruji, ubavuni mwa duka la mshoni, tukingoja kubeba mifuko. Kibaraza tumekiita Wizara ya Kusubiri. Hakina mshahara wala likizo. Waziri wetu ni Khalifa, tunamwita Mudiri, maana alikuwa mkuu wa skuli miaka ishirini na mbili na mpaka leo akikohoa tunanyamaza. Marzouq ni Mpemba, kazaliwa Wete, na ndiye mwenye dalla, birika la kahawa. Hamalizi maneno matatu hajamtaja ng'ombe. Yaqoob tunamwita Bujumbura, wazee wake walitokea huko, mjuzi wa kila kitu, mwenye simu kubwa kuliko uso wake. Aibu yake moja ni kwamba hajui kutikisa finjani. Kwetu ukishatosheka unaitikisa kidogo, na mwenye dalla anajua basi, asikumiminie tena. Yaqoob hunyoosha mkono tu mpaka dalla inakauka. Wa nne ni mimi, na Jumatano hiyo ninayoisimulia laiti ningebaki nyumbani.

Yaqoob alifika akipunga simu, salamu hata hakumaliza.

— Shikamoo Mudiri, sabalkheri nyote, njooni mwone mambo! Thuraya, binti wa kaka yangu, anasoma Nyuzilandi. Kaniletea vidio ya masira, matembezi ya mji wao, na maelezo yake, historia yote toka mwanzo.

— Masira ya nini? Marzouq akauliza. Siku ya taifa lao?

— Ngoja, Kiingereza hiki. Yaani... Maandamano ya Fahari. Kila mwaka mara moja.

Marzouq akaiweka dalla chini.

— Lo! Mafahari wanaandamana?

— Fahari, Mpemba. Fahari ya kujivunia.

— Weye Bujumbura, Kiswahili utanifunza mie? Fahari ni ng'ombe dume. Kwetu Pemba mafahari hutolewa uwanjani, zumari inalia, vijana wanawachezea kwa nguo, na wanawake wanaimba. Na Nyuzilandi ndiko kwenyewe kwa ng'ombe. Yale maziwa ya unga unayotia kwenye chai unadhani yanatoka wapi, hapo Mudhaibi mji wa jirani?

Tukacheka. Khalifa hakucheka. Alikuwa akiizungusha finjani yake tupu, taratibu.

Jina la mji ule ni la wenyeji wa kule, refu, hakuna hata mmoja wetu aliyepata kulitamka. Zamani tulikuwa tukiuita Kwa Muntasir, maana ndiko aliko Muntasir, mtoto wa Khalifa, daktari wa wanyama, aliyekwenda kusoma miaka kumi iliyopita. Kwa Muntasir kuna baridi, Kwa Muntasir kumenyesha. Miaka sita sasa hatuuiti kwa jina lolote.

Sababu naijua mimi. Miaka sita iliyopita Khalifa alinijia nyumbani na simu mkononi, akanipa nisome. Muntasir alikuwa amemwandikia baba yake kwamba hatooa mwanamke, kwamba moyo wake toka utotoni unapenda wanaume wenziwe, na kwamba amechoka kumdanganya mtu anayempenda. Alianza kwa shikamoo na akamaliza kwa shikamoo. Khalifa akaniuliza, nifanye nini? Nami, bila ya kufikiri hata kidogo, nikamwambia usimjibu, atajirudi mwenyewe. Basi hakumjibu. Akamkataza na mkewe, Kaltham, asimpigie, na Kaltham akatii, akakonda. Kibarazani tuliambiwa kijana ana kazi nyingi. Nilidhani hapo kibarazani ni sisi wawili tu tujuao.

— Haya soma basi, Marzouq akasema. Mafahari walianza lini?

Yaqoob akasogeza simu mbali kidogo na macho.

— Mwaka wa kwanza walitoka watu thelathini na wanane. Walinyimwa barabara, wakapita kandokando, kwenye njia ya miguu. Kumi kati yao walijifunika vichwa kwa mifuko ya karatasi, wametoboa macho, wasijulikane makazini...

— Ng'ombe kuvishwa mifuko ya karatasi?

— Watu, Mpemba! Hawa ni wat...

Akakatika. Niliona macho yake yakitangulia peke yao, mstari baada ya mstari. Alikuwa ameshasoma mbele. Ameshajua kwamba maandamano yale ni ya wanaume wapendao wanaume na wanawake wapendao wanawake, na kila aliyefungiwa mlango kwao kwa sababu hiyo. Kidole chake kikaigusa vidio iliyokuwa chini ya maandishi, picha ndogo tu, akaikazia macho. Halafu akamtazama Khalifa, na upesi akageukia ukuta.

— Ng'ombe, alisema Marzouq polepole. Soma, Yaqoob. Ni ng'ombe.

Marzouq hajapata kumwita Yaqoob kwa jina lake tangu wajuane. Nikamtazama. Uso umetulia, hana mzaha hata chembe. Nikafahamu kwamba naye anajua, tena siku nyingi, na kwamba wale mafahari amewaleta kwa makusudi, wasimame baina ya Khalifa na sisi.

— Kweli, Yaqoob akasema. Nilikosea kutafsiri. Ni ng'ombe. Wanafunikwa vichwa wasionane wakapigana.

— Umeona?

— Tena wa kule wakubwa, Mpemba. Kama gari la maji.

— Kama gari la maji ni ndama huyo. Fahari la babu yangu liliziba mlango wa msikiti, watu wakaswali nje.

Hapo ndipo Khalifa aliposema kwa mara ya kwanza.

— Endelea. Mwaka wa pili?

Tulimtazama sote watatu. Alikuwa amekaa wima kama alivyokuwa akikaa skuli, finjani mkononi, na macho kwenye mlango wa soko. Niliona wazi kwamba anataka kujua. Ni mji wa mwanawe, na miaka sita hakuusikia.

— Mwaka wa pili, Yaqoob akasoma, walirushiwa mayai na nyanya. Wenye maduka wakafunga milango.

— Ng'ombe akipita na duka la mboga lazima ufunge, alisema Marzouq.

— Mwaka wa nane hawakupiga ngoma. Kuliingia maradhi. Vijana... yaani, mafahari wadogo wadogo wakawa wanakufa. Wakaandamana kimya, na mishumaa, mchana.

— Maradhi ya midomo na kwato hayo. Nayajua. Yalilaza zizi zima kwetu.

— Walikufa wangapi? Khalifa akauliza.

— Hamsini na mmoja, Mudiri. Mji wenyewe mdogo.

— Nani aliwazika?

Yaqoob alisoma kimya, akarudia tena, akatafuta maneno.

— Inasema hapa kuna ambao watu wao hawakuja. Walizikwa na wenzao.

— Na wenye zizi, Marzouq akaongeza, lakini sauti yake ilikuwa ndogo. Ng'ombe huzikwa na wenye zizi.

Khalifa alinyoosha finjani. Marzouq akammiminia, na kahawa ikamwagika kidogo kwenye kidole cha Khalifa, naye hata hakukivuta. Nilitaka kusema, basi, Yaqoob, izime hiyo simu, tuzungumze mpira. Sikusema. Miaka sita iliyopita nilikuwa mwepesi sana wa kusema.

— Endelea.

— Mwaka wa kumi na moja alitokea mama mmoja, mke wa mwoka mikate. Alikuja na nguo zake za kazi, unga mikononi. Akamshika mwanawe mkono, akapita naye katikati ya barabara, mbele ya kila mtu. Kabeba kibao cha boksi la mikate, kaandika, Huyu ni wangu.

Marzouq alikuwa na kazi kubwa hapo, na aliifanya.

— Huyo ni ng'ombe jike, akasema. Ukitaka mafahari watulie tanguliza mama yao. Hata wakiwa mia. Ni dawa hiyo, wallahi, uliza Mpemba yeyote.

— Ndiyo, Yaqoob akasema. Ndiyo maana tangu mwaka huo wazazi ndio wanaotangulia. Mstari wa mbele kabisa, mama na baba, kila mmoja na mwanawe. Ni desturi yao sasa, na meya wa mji husimama njiani akiwapa mkono. Na asiyekuja mzazi wake...

— Asiyekuja mzazi wake? aliuliza Khalifa.

— Huchukua picha yake.

Khalifa akaweka mkono wazi juu ya goti.

— Nipe hiyo vidio.

— Mudiri, haionekani vizuri, na jua hili...

— Nipe.

Tukajikusanya mabegani mwake, tungefanya nini? Ngoma zilikuwa zikilia kwenye simu, watu wengi, rangi nyingi. Mbele walikuja wazee. Bibi mmoja na mkongojo, mtoto wake mwenye ndevu kamshika kiwiko. Baba mmoja mnene, kavaa kaptura, anapunga mikono miwili. Halafu, pembeni yao, kijana mrefu wa kanzu nyeupe na kofia ya kiua, peke yake, kainua picha kubwa juu ya fimbo ndefu.

— Mudiri! Marzouq akasahau yote, akapiga kelele. Ni weye huyu!

Alikuwa yeye, na Kaltham ubavuni, wote wawili wanacheka, bahari nyuma yao. Picha ile niliipiga mimi, siku tuliyokwenda Tiwi, mwaka Muntasir alipopata nafasi ya kusoma. Naijua kwa sababu niliiharibu: kidole gumba changu kiliziba pembe ya chini. Mtoto alikuwa ameikuza picha ikawa kubwa kama mlango, na hakukikata kidole changu. Kimo humo, kikubwa kama mto wa kulalia, kinapita katikati ya mji wa watu. Mie niliyesema usimjibu.

— Kofia hiyo, Khalifa alisema, mama yake aliishona miezi minne.

Akaisogeza simu karibu na macho.

— Kakonda.

— Baridi ya kule, Marzouq akasema. Baridi inakula nyama.

— Lakini wamekupa heshima kubwa, Mudiri, Yaqoob akadakia, maneno yanamtoka mbio. Picha ya mtu haibebwi hivi hivi. Hubebwa ya mtawala.

— Au ya mwenye fahari lililoshinda! Marzouq akasema. Si daktari wa wanyama kijana? Basi kalitibu fahari, likashinda, kaliandikisha kwa jina la baba yake. Khalas. Mudiri ni bingwa wa Nyuzilandi nzima.

— Wa Nyuzilandi na Australia.

— Na hicho kidole ni muhuri wa serikali.

— Hubebwa ya mtawala, au ya bingwa, au ya..., alisema Yaqoob, na hapo akaumeza ulimi wake.

Hatukumwona Kaltham akitoka sokoni. Alikuwa amesimama nyuma yetu na mfuko mmoja mdogo, nyuzi tu za kushonea kofia. Miaka sita anashona kofia, zote za kichwa kimoja, anazipanga kabatini. Tukainuka kwa adabu. Khalifa hakuinuka. Alibaki na simu, na ngoma zikilia.

— Nani huyo? aliuliza Kaltham. Mnatazama nini?

— Ng'ombe, shemegi, Marzouq akasema. Mafahari wa Nyuzilandi.

Aliposikia Nyuzilandi akauweka mfuko chini. Akanyoosha mkono, na Khalifa, aliyemkataza hata jina, akampa simu. Kaltham aliitazama mpaka mwisho, akairudisha mwanzo kwa kidole, akaitazama tena. Alipofika kwa kijana wa kanzu akalipitisha gumba juu ya kioo, pale penye kofia, kama anayepangusa vumbi. Picha ikasimama. Halafu akakaa kibarazani, baina yangu na mumewe, mahali ambapo hajapata kukaa mwanamke tangu wizara ianze.

— Yule bibi yuko na mwanawe, alisema. Na yule baba mnene yuko na wake. Wote wako na wazee wao.

— Ndiyo, bibie, Yaqoob akasema.

— Wangu kabeba picha.

Marzouq alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta ng'ombe, hata mmoja, hata ndama, na asimpate.

— Picha si hubebewa maiti? akasema Kaltham. Alimgeukia mumewe, akamuuliza kwa upole kabisa. Khalifa, kwani sie tumekufa?

Nilingoja ajibu. Ngoma zilikuwa zimenyamaza, na kutoka ndani ya soko zilikuja sauti za wanawake wakibishana bei ya udi. Finjani ilikuwa ikitikisika mkononi mwa Khalifa, ikitikisika haikomi, na Marzouq, ambaye maisha yake yote akiona hivyo hufahamu kwamba mtu ametosheka, aliishika dalla kwa mikono miwili asijue aimimine au aiweke.